Ua Ndani ya Kopo la Mafuta

Siku ile mjinga alikuwa Twahiru mwenyewe, wala msihangaike kumtafuta mwingine. Ukimwuliza leo atakuna kichwa, atacheka, kisha atakwambia, "Ni mimi. Tena hakunituma mtu." Lakini ili mjue ujinga wake ulifika wapi, lazima tuanze na asubuhi zake, maana mambo yote yalianzia kwenye maji.

Kila asubuhi kabla ya shule, Twahiru alishuka ziwani na bidoni ya njano ya kutekea maji, pamoja na Laurence, binti wa jirani. Wote wawili walisoma darasa la sita, katika shule moja ya Mabanga iliyowapokea watoto ambao shule yao ilikuwa imefunikwa. Njia ilipita juu ya mawe meusi yenye meno, yanayotafuna viatu kama mbuzi anavyotafuna karatasi. Mawe hayo yalikuwa yameshuka kutoka kwenye volkano mwezi wa kwanza, yakiwa moto unaotiririka, yakapita katikati ya mji wa Goma na kuondoka na nyumba zao mbili za Murara bila kubisha hodi.

Watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Lakini watu wa Goma ndivyo walivyo: jiwe lilikuwa bado la moto, nao tayari wamerudi, wanapima upya mipaka ya parseli, viwanja vyao, juu yake. Nani alikuwa hapa, nani alikuwa pale, mti wa nani uliishia wapi. Mama Saumu, mama yake Twahiru, alikuwa miongoni mwa waliorudi wa kwanza. Alisimama juu ya kiwanja chake, yaani juu ya jiwe lenye urefu wa mtu, akapiga mguu chini.

"Nyumba yangu imo humu chini," alisema. "Nitajenga nyingine juu yake. Volkano imekula paa, haitakula na kichwa changu."

Mama Saumu aliuza vitunguu katika soko la Virunga. Siku ya kukimbia, kila mtu alinyakua alichoona: huyu godoro, yule redio, mwingine kuku. Yeye alinyakua kikapu cha vitunguu kilichoning'inia jikoni, akisema angalau watoto wa watu watapata mchuzi huko waendako. Walipofika Gisenyi akafungua kikapu ili akaange. Havikuwa vitunguu vya kula! Vilikuwa vitunguu vya maua, viwili tu, vikubwa kama ngumi, alivyokuwa amevichimbua uani na kuvipumzisha wakati wa kiangazi.

"Wenzangu wameokoa magodoro," alisema, "mimi nimeokoa mapambo!" Akacheka mpaka wanawake wa karibu wakadhani moshi umempanda kichwani.

Sasa, kulikuwa na jambo lililowafunga kwenye parseli ile kuliko ukaidi. Papa Useni, baba yake Twahiru, alikuwa dereva. Vita vilimkuta Kindu, huko Maniema, njia zikafungwa nyuma yake. Mji wa Goma wakati ule ulikuwa mikononi mwa waasi, na lori lilikuwa haliwezi kupita popote. Mara moja tu alifanikiwa kuzungumza nao kwa fonia, ile redio ya kuitana kutoka mji hadi mji. Sauti yake ilikuja ikikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga: "Msihame, mnasikia? Siku njia ikifunguka, nitakuja moja kwa moja kwenye parseli yetu. Nisipowakuta nitawatafuta wapi?"

Twahiru aliyameza maneno yale yakakaa tumboni. Ndiyo maana alipokuja Mjomba Abdoul, kaka mkubwa wa mama yake, hakumpokea kwa furaha yote.

Mjomba Abdoul alifanya biashara Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa. Alileta mbao, misumari na shitingi, yale maturubai ya plastiki, akasimamia ujenzi wa chumba na sebule. Kazi ilipokwisha, akakaa chini, akajipepea kwa kofia, akasema lile lililomleta.

"Saumu, hii nyumba ni ya kupumzikia tu. Shule zikifungwa nitakuja na kamioneti yangu ya mizigo niwachukue Bunagana. Kule kuna udongo. Hapa mutakula nini, mawe?"

"Na Useni akirudi?"

"Useni ni dereva, atajua njia ya Bunagana."

"Alisema hapa."

"Hapa!" Mjomba aligonga sakafu kwa kisigino, nayo ikalia jiwe. "Hapa hakuoti hata kitunguu, sembuse ua!"

Mama Saumu alikitazama kikapu chake, kisha akamtazama kaka yake. "Je, nikikuonyesha ua?"

"Siku nitakayokuta ua limechanua ndani ya nyumba hii," Mjomba alisema akicheka, "nitafunga mdomo. Bunagana sitaitaja tena mbele yako. Lakini nisipolikuta, Saumu, utapakia vitu bila kelele."

"Bila kelele," Mama alikubali. Wakapeana mikono.

Kesho yake kazi ilianza. Mama Saumu alichukua kopo kubwa la mafuta ya msaada, akaligeuza na kulitoboa chini kwa msumari. Twahiru alipiga kelele.

"Mama! Mimi nayabeba maji kutoka ziwani, wewe unatoboa kopo yavuje?"

"Yasipotoka, kitunguu kitalala majini kioze. Wewe ungependa kulala kwenye beseni?"

Kisha akaokota vijiwe vidogo vya volkano, vile vyepesi vyenye matundu, akavipanga chini ya kopo. "Umekula nyumba yangu," aliliambia jiwe moja kabla ya kulitia ndani. "Sasa utafanya kazi."

Udongo ulitoka kwa Mukamurenzi, mama yake Laurence. Kaka zake walilima Kibumba, nao walimletea gunia la udongo mweusi kwa tshukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaoteremka mlima kama umeiba kitu. Mama Saumu alimpa kitunguu kimoja cha ua, akapata nusu gunia. Majirani wakapanda siku moja, kila mmoja kopo lake, shingo ya kitunguu ikibaki nje ya udongo.

Kila kopo liliwekwa ndani ya nyumba ya mwenyewe, karibu na dirisha la plastiki. Nje haikuwezekana. Mbuzi wa mtaa walikuwa na njaa kiasi cha kula kamba za viatu, na mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano ilichoma majani yakabaki na madoa ya kahawia. Ndani, kazi ya Twahiru ilikuwa kunywesha: kikombe kidogo udongo ukikauka, si zaidi, na kuligeuza kopo kidogo ili shina lisije likainama upande wa mwanga.

"Kisha?" aliuliza.

"Kisha unangoja."

Kungoja! Hapo ndipo Twahiru alipokuwa na kasoro. Alichungulia kopo alfajiri, alichungulia akitoka shule, alichungulia usiku akijifanya anatafuta kiatu. Kitunguu kilimtazama bila habari. Halafu siku moja Laurence akaja akirukaruka.

"Letu limetoa ulimi! Wa kijani! La kwenu bado limenuna?"

"Linajipanga," Twahiru alijibu.

"Lijipange haraka. Mjomba wako hatalingoja, atakuja na kamioneti."

Maneno yale yalimchoma. Usiku alihesabu wiki zilizobaki, akaisikia tena sauti ya baba ikikwaruza, nisipowakuta nitawatafuta wapi? Asubuhi alikuwa amepata dawa. Aliwahi kuwaona watu wa Kibumba wakiivisha ndizi: huzika mkungu katika shimo lililotiwa moto, na ndizi mbichi hutoka zimelainika. Joto ndilo linaloharakisha mambo, alijiambia. Na joto walikuwa nalo la bure.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na ufa katika jiwe. Tangu volkano ilipolipuka, ufa ule ulikuwa unapumua. Watoto waliuita Jiko la Bure. Mama Saumu alipashia maji pale, na siku za mvua ulitoa mvuke kama sufuria ya maharage. Mama alipokwenda sokoni, Twahiru alilibeba kopo kama anayebeba mtoto mchanga, akaliweka juu ya ufa. "Kidogo tu," alilinong'oneza. Halafu akasikia wenzake wanapiga mpira. Alikwenda kutazama kidogo tu. Akacheza kidogo tu. Mvua ikanyesha kidogo tu.

Aliporudi, Jiko la Bure lilikuwa limejifunika mvuke mweupe. Alilichomoa kopo kwa shati, akalipuliza, akakigusa kitunguu. Kilibonyea kama kiazi kilichoiva. Harufu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Alikuwa amepika ua.

Mtu mwingine angekwenda sokoni akamwambia mama yake. Twahiru alitazama pembeni ya chumba, kwenye gunia la biashara, akachagua kitunguu kikubwa kuliko vyote na kukipanda mahali pa kile kilichoiva. Shingo nje, kama alivyofundishwa. Akajipangusa mikono na kujiona hodari. Basi hapo ndipo ujinga wake ulipofika: alitaka kumdanganya muuza vitunguu kwa kitunguu!

Ajabu ni kwamba mambo yalikwenda vizuri. Baada ya siku chache kopo lilitoa majani ya kijani, membamba, marefu, yaliyosimama wima. Mama Saumu aliinama akayatazama kwa muda.

"Limeamka," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Endelea kulipa maji."

Twahiru akaendelea. Kila asubuhi alishuka ziwani, akapanda na bidoni, akanywesha uongo wake kikombe kimoja na kuugeuza kidogo dirishani. Ulikua vizuri kuliko tabia zake nyingine zote. Lakini Mama alipoimba akikunja nguo, yeye alitoka nje.

Wa kwanza kusema alikuwa Laurence. Alikuja kuazima chumvi, akasimama dirishani, akachuma ncha ya jani na kuisugua kwa vidole. Akanusa. Akanusa tena. Macho yakamtoka.

"Yewe! Twahiru, ua lenu linanuka mchuzi!"

Twahiru alimvuta nje kabla hajaanza kucheka, akamweleza yote. Laurence alicheka akakaa chini juu ya jiwe. Kisha akaona uso wa rafiki yake, akainuka.

"Utafanya nini?"

"Sijui."

Shule zikafungwa. Habari ikaja kwamba Mjomba Abdoul ameonekana njiani Rutshuru, anakuja. Asubuhi ile Laurence alibisha mlangoni akiwa amebeba kopo la kwao. Ndani yake, juu ya shina nene, yalikuwa yamefunguka maua manne mekundu, makubwa, midomo wazi kama tarumbeta. Twahiru hakuwa ameona rangi kama ile tangu moto ulipopita.

"Mama yako yuko sokoni," Laurence alinong'ona. "Chukua hili, nipe lenu. Mjomba wako akiondoka tunabadilishana. Atajuaje?"

Twahiru alinyoosha mikono. Alikuwa ameligusa tayari. Mbele yake aliona kamioneti ikiondoka tupu, na baba akishuka kwenye lori, akitembea juu ya mawe, akiwakuta. Kisha akajiona yeye mwenyewe, akibeba uongo wa pili ili kuufunika wa kwanza, na wa tatu kesho. Alirudisha mikono.

"Hapana. Nimechoka kunywesha huu mmoja."

"Basi mutahama!"

"Labda. Lakini akiuliza, nitasema. Asante, Laurence. Lipeleke kwenu, mbuzi asije akaliona."

Mjomba Abdoul aliwasili saa za chakula. Kamioneti yake ilisimama kwa kishindo, akashuka na mizigo ya kamba mpya begani, kamba za kufungia vitanda na masanduku. "Hodi! Wenye mawe muko?" Mama Saumu, aliyekuwa amerudi mapema kupika wali, alimkaribisha kwa heshima zote, akampa maji ya kunawa.

Mjomba hakukaa. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akasimama. Katikati ya majani ya kijani palikuwa na bua refu lenye shimo ndani, na juu ya bua, duara kamili la maua madogo meupe, mamia yao, kama mpira uliofumwa kwa uzi. Lilikuwa limefunguka wiki ile ile. Nyuki mmoja alikuwa amepenya kwenye tundu la plastiki, anatembea juu yake kama mwenye nyumba.

"Mashallah," Mjomba alisema, sauti imempungua. "Kumbe linaota! Ni ua gani hili, Saumu?"

Mama Saumu alikuwa anamtazama mwanawe. Twahiru alijua kwamba akinyamaza tu, bila hata kusema neno la uongo, mambo yamekwisha. Mjomba hakujua maua. Ilikuwa rahisi kama kumeza mate.

"Ni kitunguu, Mjomba," alisema.

"Kitunguu cha ua, najua."

"Hapana. Cha kula. Kile cha ua nilikipika." Na kwa kuwa alikuwa ameanza, alimaliza: ufa, mpira, mvuke, gunia la biashara. Machozi yalimtoka lakini hakuyafuta. "Mama hana kosa. Alidhani ni chenyewe. Ni mimi niliyedanganya."

Mjomba Abdoul alicheka akashika mlango. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Amepika ua! Wallahi, nitakwenda kulisimulia hili Bunagana nzima!" Kisha akajipangusa macho, akaokota kofia, na sauti yake ikawa ya kazi. "Basi, Saumu. Ahadi ni ahadi. Hakuna ua. Tuanze na kitanda."

"Ngoja kwanza," Mama alisema. "Nina neno na mutoto wangu."

Akamgeukia Twahiru. "Wewe, mimi nauza vitunguu tangu hujazaliwa. Nikifumba macho naweza kukwambia hiki kimetoka Lubero na hiki kimelala siku nyingi. Ulidhani sitajua jani lake?"

Twahiru alikosa pa kutazama. "Ulijua, Mama? Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Gunia langu lilipungukiwa na kitunguu kikubwa kuliko vyote, na nyuma ya nyumba palinukia chakula ambacho mimi sikupika."

"Kwa nini hukunipiga?"

"Nilitaka kuona uongo wako utaubeba mpaka wapi. Umeubeba miezi, tena kwa maji ya ziwani!" Akamshika bega, na sauti yake ikalainika kidogo. "Sikiliza, Twahiru. Kukataa kuhama, huo ni ukaidi nilioutaka mimi mwenyewe, nami nimekupa. Lakini mmea una mwendo wake, na anayeulazimisha anaupika. Na kosa ulilofanya kwa haraka lingeisha siku moja kama ungelisema. Ulipolificha, ukalipanda, likaota majani. Leo umeling'oa mbele ya mtu ambaye ulitamani anyamaze. Hapo nimepata mwanaume ndani ya nyumba. Kesho utambebea Mama Laurence maji mpaka kitunguu chake kizae kingine, atupe mbegu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mlangoni Laurence, ambaye muda wote alijifanya anapita, aliinua vidole vingi kuonyesha idadi ya bidoni. Twahiru alitamani kumrushia kiatu, akajikuta anacheka.

Mjomba Abdoul alikuwa amekwisha kufungua kamba. "Maneno mazuri, dada yangu. Utayamalizia njiani. Lakini usinizungushe: hiki ni kitunguu. Ulisema utanionyesha ua, ua liko wapi?"

Mama Saumu alilichukua kopo dirishani, akaliweka mezani mbele ya kaka yake, nyuki na vyote, katikati ya sahani mbili za wali.

"Kaka, wewe ndiye uliyesema hapa hakuoti hata kitunguu, sembuse ua. Kitunguu ndicho hicho, na ua lake hilo juu yake. Sasa funga mdomo kama ulivyoahidi, uufungue kwa kula tu, na hizo kamba uniachie, nina nguo za kuanika."